Konstebo Asiyekunywa Maji

Alikuja Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa tatu asubuhi, akitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku. Alivaa suruali nyeusi ya mazoezi, fulana ya buluu, na sweta aliyoifunga kiunoni. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri na jua linawaka. Nilimuuliza kama sweta haitamsumbua akikimbia, akasema hapana. Nikampa chupa ya maji. Akashukuru, akaiweka chini bila kuifungua. Sweta na chupa vilikuwa mbele ya macho yangu kwa wiki 5, na sikuvisoma. Nimefundisha mazoezi Eastlands, Nairobi, kwa miaka 11, wateja wangu wengi ni mabawabu, madereva na askari, na bado sikuvisoma.

Nitamwita Afande, kama nilivyomwita siku zote. Yeye aliniita kocha. Amekipitia kisa hiki mstari kwa mstari. Aliniomba niondoe jina la kituo na la mtaa, nikaondoa. Mengine akasema, "Yaache, wenzangu wayasome."

Alikuwa na umri wa miaka 37, konstebo kwa miaka 13, mama wa watoto 3, na kitinda mimba wake alikuwa na mwaka 1 na miezi 2. Kazini alikaa dawati la ripoti: simu iliyoibwa kwenye matatu, ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji, mtoto aliyepotea sokoni, yote yanapitia kwake na kuingia kwenye OB, daftari la matukio la kituo. Jina lake lilikuwa limetokea kwenye orodha ya watakaokwenda kozi ya kupanda cheo cha kopro katika chuo cha polisi cha Kiganjo, katikati ya Agosti. Kiganjo anaijua, ndiko alikopitia ukurutu, na baridi yake anaijua pia, pale katikati ya Mlima Kenya na Nyandarua. Waliomtangulia kwenye kozi walimwambia asubuhi huanza kwa kukimbia kikosi kizima pamoja, na anayebaki nyuma huonwa na kila mtu.

"Kocha, sheria mimi ninazijua," aliniambia. "OB naandika hata nikiwa nimefumba macho. Shida ni hizo mbio."

Hapa Kenya mtu akisikia polisi ameshindwa kukimbia hucheka. Sote tumewaona vijana siku ya usajili, wakikimbia pekupeku uwanjani, wengine wakianguka mbele ya wazazi wao. Tena Faith Kipyegon, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki 3 mfululizo, ni afisa wa polisi. Afande alikuwa ameshachoshwa na jina hilo. Kila alipotaja kozi, kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Si hata Kipyegon alizaa 2018 akarudi akashinda?" Kipyegon alirudi akiwa na makocha, na kazi yake ni kukimbia. Afande alirudi kwenye kiti cha mbao, zamu ya usiku, chai ya maziwa yenye vijiko 3 vya sukari saa nane usiku na mandazi mawili ya kumzuia asilale. Kati ya siku ya usajili na siku ya kozi kuna miaka 13 ambayo hakuna aliyemuuliza juu ya mapafu yake.

Nilihitaji kipimo. Mimi sina kiwanja cha riadha, nina nusu ya eneo la maegesho nyuma ya jengo la maduka, lililotandikwa kabro, urefu wake mita 22. Kwa hiyo huwa natumia mtihani wa polisi wa Uingereza na Wales, ambao tangu 2014 maafisa wa huko hufanya kila mwaka. Unaweka koni 2, mita 15 kati yake. Spika inatoa mlio. Mlio unaofuata ukukute umeshafika upande wa pili, ugeuke, urudi. Kila ngazi milio inakaribiana zaidi. Anayetaka kufaulu lazima afike ngazi ya 5, safari ya 4, yaani safari 35 za mita 15, mita 525 kwa jumla, kwa muda usiofika dakika 4. Kiwango ni kimoja kwa mwanamume na mwanamke, kijana na mzee. Anayeshindwa hafukuzwi siku hiyo, hupewa muda na msaada ili ajaribu tena. Na kwa wenye shida ya kukimbia upo mtihani mbadala, wa kutembea haraka kwenye mashine inayoinuliwa mwinuko polepole.

Sikumwambia kwamba Kiganjo watampima hivyo, maana si kweli. Nilimwambia tunatafuta rula. Ni kiwango kilichowekwa kwa kutazama kazi yenyewe ya polisi: kumfukuza mtu umbali mfupi, kumkamata, kumtia pingu, kumzuia. Kinafaa pia kwa sababu kinaonyesha mtu anaposimama, na hapo ndipo nilipokosea, kwa kuwa niliangalia aliposimama nikasahau kuuliza kwa nini.

Wapo makocha wa hapa wanaolegeza kiwango hicho kwa ajili ya urefu wa Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Sikulegeza. Afande amezaliwa nyanda za juu, anaishi nyanda za juu, na Kiganjo kwenyewe ni juu vilevile. Hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa, lakini ndiyo aliyoizoea.

Siku ya kwanza alisimama safari ya 19. Presha yake ilikuwa juu kidogo, si ya kutisha, na alikuwa na barua ya daktari ya kumruhusu kufanya mazoezi. Fomu yangu ilikuwa na maswali 6: moyo, presha, kizunguzungu, magoti na mgongo, dawa, na lile la mwisho, "Je, una tatizo lingine lolote la kiafya?" Akajibu "Hapana" mara 6.

Nikampa programu ya kawaida. Siku 3 kwa wiki, kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, tukipunguza kutembea kila wiki. Siku 2 za nguvu: kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi za jengo, kusukuma ukuta na baadaye benchi, kuinua mfuko wa mchanga kutoka chini. Hakuna kitu cha ajabu hapo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima wa kawaida apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli, na Afande alikuwa hapati hata robo. Nilitarajia wiki 5 zimfikishe safari ya 26 au 27.

Wiki ya 5 alisimama safari ya 22.

Na alisimama vibaya, namaanisha vibaya kwangu mimi ninayejifanya najua kusoma miili. Mtu aliyeishiwa pumzi huinama, hushika magoti, hawezi kumaliza sentensi. Yeye alitoka pembeni akiwa wima, akakaza sweta kiunoni, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Leo basi, kocha, hapo panatosha." Saa ya mkononi ilionyesha moyo unapiga mara 148 kwa dakika. Huyo si mtu aliyefika mwisho. Jioni ile niliandika kwenye daftari langu: "Pumzi anayo. Anakata tamaa mapema. Tufanye kazi ya kichwa." Daftari hilo bado ninalo, na maneno hayo sijayafuta, ingawa kila nikiyaona natamani kuyafuta.

Maji nayo. Alikuwa anakuja na midomo mikavu, baada ya mazoezi anashika paji la uso kwa maumivu ya kichwa. Nilimhubiria habari za maji kama mchungaji. Alikuwa ananisikiliza kwa heshima zote za askari, "Sawa kocha," na chupa inabaki vilevile.

Jumanne ya wiki ya 6 nilileta kamba za kuruka. Nilifikiri mwendo wa miguu ndio unaomchelewesha kwenye koni, na kamba ni dawa nzuri ya miguu mizito. Akaiangalia kamba ile.

"Hiyo sitaruka."

"Dakika 1 tu, Afande."

"Kocha, nimesema sitaruka."

Kulikuwa na vijana 2 wengine pale, wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mimi nikafanya kosa la pili, nikasema mbele yao kwamba Kiganjo hakuna kuchagua. Alichukua mkoba wake akaondoka. Alhamisi hakuja. Jumamosi hakuja. Simu hakuijibu.

Jumatatu alituma ujumbe mmoja: "Yule mama mnayefanya naye kazi, wa viungo, anapatikana lini?"

Mwenzangu huyo ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Anakuja kwetu siku 2 kwa wiki, na wateja wake wengi ni wazee wa magoti na vijana wa mpira. Walikaa na Afande ofisini kwake karibu saa nzima. Alipotoka aliniambia, kwa ruhusa ya Afande, sentensi moja na nusu: "Tangu azae huyu wa tatu, akikimbia kwa kasi mkojo unamtoka. Na wewe ulitaka aruke kamba."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema lolote kuhusu yanayokuja baada ya kuzaa. Mama yake na shangazi zake walikuwa wamemwambia ndivyo wanawake walivyo, utazoea. Kwa hiyo aliposoma kwenye fomu "tatizo lingine lolote la kiafya", alijibu hapana kwa moyo mweupe. Kwake hilo halikuwa tatizo la kiafya. Lilikuwa ada ya kuzaa. Sweta ilikuwa ya kuficha. Suruali nyeusi ilikuwa ya kuficha. Maji hakuyanywa kwa sababu alikuwa amepiga hesabu yake: nisipoingiza, hakuna kitakachotoka. Na kazini ilikuwa hivyohivyo, zamu nzima bila maji, chai tu, kwa sababu choo cha kituo kiko nyuma, ng'ambo ya uwanja, na dawati haliachwi bila mtu.

Ukishajua hilo, safari ya 22 inaeleweka vizuri kabisa. Chini ya kibofu, kizazi na utumbo kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda, misuli ya sakafu ya nyonga, na ndiyo inayosaidia kufunga njia ya mkojo. Mimba na kuzaa huilegeza. Kutembea hakuisumbui sana. Lakini kila hatua ya kukimbia hutua ardhini kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara 2 au zaidi, na tumbo husukuma chini. Kwenye mtihani wa milio kuna kugeuka pia: unafunga breki, unainama, unajisukuma upya, mara 34 ukifika mwisho. Ngazi za kwanza ni kujongea tu. Kwenye safari ya ishirini hivi ndipo kujongea kunapogeuka kuwa kukimbia kweli. Basi alikuwa anasimama hasa pale mwili wake ulipoanza kumwaibisha, sekunde chache kabla. Alikuwa anajua mwili wake kuliko nilivyojua stadi yangu.

Uingereza, wanaofeli mtihani ule ni wengi zaidi upande wa wanawake, hasa waliopita miaka 40, na hoja za kawaida ni urefu wa miguu, misuli, na uzito. Sina ubishi na hoja hizo. Ila najiuliza wangapi kati yao waliwahi kuulizwa swali ambalo mimi sikuuliza.

Mwenzangu alimtuma kwanza hospitali apimwe mkojo kama kuna maambukizi, na daktari ahakikishe kizazi hakijashuka. Majibu yalikuwa mazuri. Kisha akampa zoezi ambalo halihitaji kiwanja, kiatu wala kocha: kuivuta misuli ile ndani na juu, kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana pumzi wala kukaza makalio, kuishikilia kwa hesabu ya 8, kuiachia kabisa kwa hesabu ya 8. Mara 8, mara 3 kwa siku, angalau miezi 3. Kuachia ni nusu ya zoezi, alisisitiza, kwa maana misuli inayokaa imekazwa siku nzima nayo huchoka. Afande alichagua kufanya akiwa dawati la ripoti. "Mlalamishi ananieleza alivyoibiwa simu," aliniambia baadaye akicheka, "mimi naandika OB, na chini huku nahesabu."

Cha pili ni ujanja wa sekunde moja: vuta kabla ya mzigo. Kabla ya kukohoa, kabla ya kuinua mfuko wa mchanga, kabla ya kugeuka kwenye koni. Hilo la koni tulilifanyia kazi wiki 2 nzima, kwanza kwa kutembea. Kutembea mita 15, vuta, geuka, achia. Vijana waliokuwa wakipita na magari walidhani tunapima eneo la kujenga kibanda.

Cha tatu kilikuwa maji. Mkojo uliokolea huwasha kibofu, na chai nzito nayo hukichokoza, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa inafanya kinyume cha alichotaka. Alianza kunywa kidogokidogo mchana, akapunguza chai ya usiku hadi kikombe kimoja, na sajini mmoja mwanamke akakubali kumshikia dawati dakika 5 mara 2 kwa zamu. Maumivu ya kichwa yaliisha wiki ileile. Presha ilishuka pia, ingawa siwezi kusema ni maji, ni mazoezi, au ni kupunguza kuogopa.

Upande wangu niliondoa kila kitu cha kuruka na karibu kila kitu cha kukimbia kwa wiki 2. Hapo ndipo kocha wa kawaida huogopa, maana zimebaki wiki 8 na wewe unamwambia mtu asikimbie. Lakini moyo na mapafu havijui tofauti ya mbio na mlima. Tulipanda ngazi za jengo, ghorofa 6, juu na chini, dakika 20. Jumapili alikwenda Karura na dadake wakatembea kwa kasi kwenye zile njia za miinuko, saa nzima na zaidi. Pumzi ikapanda bila misuli ile kupigwa. Kukimbia kulirudi wiki ya 9, dakika 1 kwa dakika 1, akiwa na pedi na bila sweta. Sikusema lolote kuhusu sweta. Niliiona haipo, nikaendelea kuhesabu.

Zamu ndiyo iliyokuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote, na ndiyo inayosahauliwa tunapozungumza kuhusu afya ya polisi. Wiki moja mchana, wiki moja usiku. Daftari langu linaonyesha wazi: kila alipokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku alifanya vibaya, na siku iliyofuata alikuwa na hasira na kila mtu. Mtu aliyekesha hajengeki kwa mazoezi, anabomoka tu. Tukaweka kanuni: baada ya usiku hakuna mbio, unakwenda kulala, jioni unatembea dakika 20 na kufanya zoezi la nyonga. Kulala kwenyewe ni hadithi nyingine, ukiishi kwenye laini za polisi, chumba kimoja cha mabati, watoto 3, na jirani anayepasua kuni. Yule sajini wa dawati ndiye aliyeongea na anayepanga zamu, wakampa wiki 3 za mchana mfululizo kabla ya kozi. Ikiwa kuna mtu anayestahili sifa kwenye kisa hiki mbali na Afande, ni sajini huyo. Hakununua mashine wala kuleta kocha. Alibadilisha jina moja kwenye karatasi ya zamu.

Chakula sikukigusa sana. Alikuwa bado ananyonyesha usiku, na mama anayenyonyesha, anayefanya kazi usiku na kufanya mazoezi, si mtu wa kunyimwa ugali. Mandazi ya saa nane yalibadilika yakawa ndizi na yai la kuchemsha kutoka nyumbani, basi. Uzito ulishuka kilo 2 tu tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna kocha mwenzangu aliyeniuliza kama hiyo si aibu. Viatu ndivyo vilivyohitaji fedha: alikuwa anakimbilia raba za mitumba ambazo soli yake ilikuwa imekufa zamani. Tulikwenda Gikomba asubuhi na mapema siku ya kufungua mabelo, tukapata nyingine, mitumba vilevile, lakini soli hai. Ukitaka kujua, ikunje kiatu: kikikunjika katikati kama chapati, kiache.

Jirani yangu mwenye duka la dawa aliniuliza siku moja, nusu mzaha, "Kwa hiyo wewe unawafundisha watukimbize vizuri?" Ni swali la haki katika jiji hili, na sikulijibu kwa mzaha. Nilimwambia ninavyoamini: askari aliyeishiwa pumzi baada ya mita 50 amebakiwa na njia chache mkononi, na moja ya hizo chache ni ile ambayo hakuna kati yetu anayeitaka. Hakukubaliana nami. Alisema tatizo la bunduki haliko kwenye mapafu. Tuliachana hapo, na sidhani kama amekosea kabisa.

Wiki ya 10 iliangukia Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku ya maandamano. Likizo zilifutwa, kila mtu akatolewa kwenye dawati akapelekwa barabarani, naye akasimama siku nzima kwa buti na kofia ngumu. Sikumwona kwa siku 6. Alirudi miguu imevimba. Nikamwambia tumepoteza wiki, akanikatiza: "Hatujapoteza. Nilikunywa maji siku nzima, na sikuhangaika." Wiki hiyo niliiandika kwenye daftari kama ya mafanikio makubwa kuliko zote, ingawa hakukimbia hata mita 1.

Tulipima tena wiki ya 11: safari ya 29. Akasimama kwa sababu ameishiwa pumzi, ameinama, ameshika magoti, hawezi kunijibu. Nilifurahi kumwona hivyo kuliko ninavyoweza kueleza.

Wiki ya 12 tuliongeza mzigo. Bunduki ya G3 ina uzito unaozidi kilo 4, na bila shaka haitolewi kituoni kwa ajili ya mazoezi ya maegesho. Afande alileta pakiti 2 za unga wa ugali, kilo 2 kila moja, akazifunga kwa leso na kuzibeba kifuani kwa mikono miwili. Akatembea kwa kasi, akapanda ngazi, akajongea kidogo. Pakiti moja ilipasuka ghorofa ya 4. Bawabu wa jengo hajanisamehe.

Jumamosi ya wiki ya 13 alifika saa tatu, akiwa amelala usiku mzima, amekunywa maji, amekwenda choo. Kabro zilikuwa kavu. Alipita safari ya 22 bila kuitambua, mimi niliitambua. Safari ya 30 uso ulibadilika. Kwenye kila koni niliona mabega yake yakitulia kabla ya kugeuka, nikajua anavuta. Safari ya 35 ilipita, mlio ukalia, akageuka tena kwa ukaidi tu, akamaliza ya 36, kisha akatembea hadi ukutani akauegemea. Aliniambia baadaye kwamba matone machache yalimtoka kwenye zile safari za mwisho. Zilikuwa hazijafika hata miezi 2 tangu aanze zoezi la nyonga, na mwenzangu alikuwa amemwonya kwamba miezi 3 ndiyo kiwango cha chini. Kwa hiyo sitadai kwamba alipona. Alikwenda Kiganjo na pedi kwenye begi na ratiba ya mara 3 kwa siku kwenye simu.

Wiki ya pili ya kozi alinipigia. Mbio za asubuhi zilikuwa ndefu kuliko tulivyozoea lakini za kasi ndogo, na yeye alikuwa katikati ya kundi. Baridi ndiyo iliyomsumbua: kukohoa. Kila kikohozi anavuta kwanza. Usiku kwenye bweni, wenzake 2 walikuwa wamemuuliza kwa kunong'ona mbona yeye hukimbia bila kufunga kitu kiunoni. Akawafundisha, taa zikiwa zimezimwa.

Aliporudi nilimwomba anisaidie na fomu. Nilikuwa nimeongeza swali la 7, nikaliandika kwa adabu zote: "Je, una changamoto yoyote ya kibofu au ya sehemu za nyonga baada ya kujifungua?" Alisoma, akaniomba kalamu. Alisema mwanamke atasoma hivyo na kujibu hapana, kama yeye. Tena akataka "baada ya kujifungua" iondoke, kwa sababu kuna ambao hawajazaa. Akalikata lote, akaandika chini yake kwa mwandiko wake wa OB, herufi zimesimama wima:

"Ukikimbia, ukikohoa au ukicheka, mkojo unakutoka, hata kidogo? Ukitaka kumjibu mwanamke, weka alama hapa."